Angela Buxton na Mchezo wa Wawili

Mwalimu wetu wa Kiswahili alipotuagiza tuandike habari za mtu mashuhuri ambaye maisha yake yametufunza jambo, wenzangu wengi wa kidato cha nne walichagua marais, majemadari na wachezaji wa kandanda. Mimi nimemchagua mwanamke wa Kiingereza aliyecheza tenisi kwa miaka michache tu, akaiacha akiwa na umri wa miaka 22, na ambaye leo hajulikani hata na wengi wanaoupenda mchezo huo. Jina lake ni Angela Buxton. Nitaeleza kwanza alikuwa nani, kisha nitaeleza kwa nini habari zake zimenigusa mimi, niliyezaliwa mbali na Uingereza, tena katika nchi isiyo hii ninayosomea.

Angela alizaliwa mjini Liverpool tarehe 16 Agosti 1934, katika ukoo wa Kiyahudi. Baba yake alikuwa na majumba ya sinema, basi nyumbani kwao hakukuwa na shida ya fedha. Vita Kuu ya Pili ilipozuka mama yake alimchukua, wakaenda kukaa Afrika ya Kusini. Huko mtoto yule aliona kwa macho yake jinsi watu wanavyoweza kutengwa kwa sababu ya rangi ya ngozi, hata kabla ya serikali iliyoingia mwaka 1948 kuufanya utengano huo kuwa sheria kali kuliko zamani. Baada ya vita walirudi kwao, na Angela akapelekwa shule ya bweni huko Wales. Hapo shuleni ndipo alipoishika raketi kwa bidii, na walimu wake wakaona kwamba mtoto huyu ana jambo.

Lakini ndugu msomaji, usidhani kwamba mali ya baba hufungua kila mlango. Alipohamia London ili ajifunze zaidi, Angela aliomba kuingia katika klabu moja yenye viwanja vizuri. Alijaza fomu, na katika fomu hiyo palikuwa na mahali pa kuandika dini. Akaandika kwamba yeye ni Myahudi. Akangoja jibu, na jibu halikuja. Alipouliza, akaambiwa kwamba asitazamie kuingia, na sababu haikuwa uchezaji wake. Baadaye alikwenda na mama yake Los Angeles, Marekani, kutafuta mafundisho bora, na huko pia klabu kubwa ilimfungia mlango ilipojulikana kuwa yeye ni Myahudi. Basi akacheza katika viwanja vya umma, ambako mtu yeyote huingia, na huko akajifunza mengi kuliko ambavyo angejifunza ndani ya ukuta wa klabu.

Hakuwa na nguvu za ajabu wala mbio za swala. Aliyemsaidia sana nchini kwao alikuwa mwalimu aliyeitwa Jimmy Jones, ambaye alimfundisha kuucheza mchezo kwa akili: kumjua adui kabla ya kukutana naye, kupanga mpira uende wapi, na kurudia pigo moja mara mia mpaka mkono uzoee. Mwaka 1953 alishinda medali ya dhahabu katika michezo ya Maccabiah, ambayo Wayahudi wa nchi mbalimbali hukutana Israeli kushindana. Mwaka 1955 alifika robo fainali ya Wimbledon na akahesabiwa kati ya wanawake kumi bora wa dunia. Alikuwa na umri wa miaka 21.

Sasa inafaa nieleze Wimbledon ni nini kwa wale wasiojua. Ni mashindano yanayofanywa kila mwaka mjini London, juu ya nyasi, tangu mwaka 1877, na wanawake waliingia mwaka 1884. Kuna mchezo wa mmoja kwa mmoja na kuna mchezo wa wawili kwa wawili. Uwanja wa tenisi una urefu wa meta 23.77. Wanapocheza wawili tu, upana wake ni meta 8.23, wanapocheza wanne, mistari ya pembeni huhesabiwa na upana huwa meta 10.97. Ukitazama haraka utadhani kwamba wanne wana kazi nyepesi, kwa kuwa uwanja umeongezwa kidogo tu na watu wameongezwa mara mbili. Sivyo. Ugumu wa mchezo wa wawili uko katikati, mahali ambapo mpira ukianguka kila mmoja anaweza kuufikia, na kila mmoja anaweza kudhani kwamba ni wa mwenzake. Nitalirudia neno hili baadaye.

Mwishoni mwa mwaka 1955 Angela alikuwa katika safari ya michezo huko India, na hapo akakutana na Althea Gibson. Huyu Althea alikuwa Mmarekani mweusi, aliyezaliwa Silver, South Carolina, tarehe 25 Agosti 1927, na kukulia Harlem katika jiji la New York. Watu wake walikuwa maskini. Kwa miaka mingi hakuruhusiwa kuingia katika mashindano makubwa ya nchi yake, mpaka mwaka 1950, wakati bingwa wa zamani Alice Marble, mwanamke mweupe, alipoandika barua kali katika jarida la tenisi akiwataka wakubwa wa mchezo wampe Althea nafasi ya kushindana. Baada ya barua hiyo mlango ulifunguliwa. Lakini kuingia ndani ya nyumba si sawa na kukaribishwa. Kufikia mwaka 1955 Althea alikuwa karibu kuiacha tenisi na kujiandikisha jeshini. Serikali yake ndiyo iliyomtuma katika safari ya Asia, na safari hiyo ikamrudishia moyo.

Mwaka 1956 wakakutana tena Ulaya. Angela hakuwa na mwenzi wa kudumu wa kucheza naye mchezo wa wawili. Althea, ambaye alikuwa miongoni mwa wachezaji wenye nguvu kuliko wote duniani, naye hakuwa na mwenzi. Fikirini jambo hilo, wasomaji. Mtu mwenye pigo la kwanza kama radi, na hakuna aliyemwambia: njoo tucheze pamoja. Ndipo Myahudi aliyefungiwa klabu na Mwafrika wa Marekani aliyefungiwa mashindano wakasimama upande mmoja wa wavu.

Mjini Paris mwaka huohuo walikutana kwanza kama wapinzani, katika nusu fainali ya mmoja kwa mmoja, na Althea akashinda. Kisha akamshinda Mwingereza mwingine, Angela Mortimer, katika fainali, 6–0, 12–10, akawa mtu mweusi wa kwanza kushinda mojawapo ya mashindano manne makubwa ya tenisi. Tena akashirikiana na yule aliyemtoa katika nusu fainali, wakatwaa ubingwa wa wanawake wawili wawili. Wala hapakuwa na kinyongo. Asubuhi wapinzani, jioni wenzi: hivyo ndivyo ilivyo kwa watu wenye moyo mpana.

Kisha wakaja Wimbledon. Huko Angela alisonga mbele hata akafika fainali ya mmoja kwa mmoja. Tangu mwaka 1939 hapakuwa na mwanamke wa Uingereza aliyefika hapo. Siku ya fainali akashindwa na Mmarekani Shirley Fry, 6–3, 6–1. Lakini katika mchezo wa wawili yeye na Althea waliwashinda Waaustralia wawili, Fay Muller na Daphne Seeney, 6–1, 8–6. Siku hizo hapakuwa na utaratibu wa kufupisha seti; watu walicheza mpaka mmoja awe mbele kwa michezo miwili. Hivyo jina la Angela Buxton likaandikwa katika orodha ya mabingwa wa Wimbledon, na jina la Althea Gibson kando yake. Gazeti moja la Uingereza lilitangaza kwamba watu wa makundi madogo wameshinda. Angela alikumbuka siku zote kwamba habari hiyo ilichapwa kwa herufi ndogo.

Mtu angetazamia kwamba huo ulikuwa mwanzo. Kumbe ulikuwa kilele, na baada ya kilele ni mteremko. Kabla mwaka huo haujaisha, kifundo cha mkono wake wa kuchezea kilipata ugonjwa wa kuvimba kwa kano, na kila pigo likawa maumivu. Mwaka 1957 akaacha mashindano makubwa. Mwenzake Althea akaendelea, akashinda Wimbledon na mashindano ya Marekani mwaka 1957, na tena yote mawili mwaka 1958, huku akifikia nyumbani kwa Angela alipokuwa London. Angela akageuka mwalimu, akaandika vitabu vya kufundisha tenisi, akabuni mavazi ya mchezo, akafungua kituo cha mafunzo mjini London.

Hapa ndipo ninapotaka kusimama na kuzungumza juu yangu mwenyewe kidogo.

Mimi nilizaliwa Ituri, Kongo. Mwaka 1918 haunihusu, wala 1956. Mwaka wangu mimi ni 2018, ambao tuliuvuka Ziwa Albert kwa mashua ya wavuvi, usiku, mama, dada yangu na mimi, tukafika Uganda tukiwa na sufuria moja na nguo tulizovaa. Nilikuwa na umri wa miaka minane. Nimesoma tangu hapo katika shule za nchi hii, na nina mengi ya kushukuru. Watu wametupa mablanketi, madaftari, unga na dawa. Sitasema neno baya juu ya blanketi wakati wa baridi. Lakini nitasema ukweli huu: mtu anayepewa kila siku huanza kujiona kama mkono mtupu tu, mkono usiokuwa na mwili wala jina. Akipewa hushukuru, akishukuru huambiwa ni mtoto mwema, na kesho hupewa tena. Hakuna anayemwuliza: wewe unaweza nini?

Katika shule moja niliyopitia kabla ya hii, tulipangwa wawili wawili kwa kazi za maabara. Wasichana walikuwa wapole kwangu. Mmoja alinipa kalamu, mwingine alinigawia sukari. Lakini walipochagua wenzi, nilibaki. Walisema Kiswahili changu ni lugha ya askari, wakacheka, si kwa ubaya mkubwa, kisha kila mmoja akamshika mwenziwe. Mwalimu akaniweka kuwa wa tatu mahali pa wawili, na wa tatu hutazama tu chupa za wenzake. Nililala siku hiyo nikijiuliza kitu ambacho sikuwa na maneno yake: inakuwaje watu wanigawie sukari yao na wasinigawie kazi yao?

Shule yetu hii, kama mnavyojua nyote, ina uwanja mmoja wa tenisi wa saruji ambao umepasuka katikati, na majani huota katika ufa wakati wa mvua. Tuna raketi chache, na nyingine zimefungwa kwa kamba ya katani. Mwaka wangu wa kwanza hapa niliona tangazo kwamba watatafutwa wasichana wawili wawili. Sikwenda, kwa sababu nilikwisha jua hesabu ya wawili wawili inavyoishia. Ndipo msichana mmoja wa darasa letu, ambaye kwa haya yake hataki nimtaje jina, akaja kitandani kwangu bwenini na raketi mbili, akasema: “Wewe una mkono mrefu. Mimi sijui kurudisha mpira wa nyuma. Tukicheza pamoja tutawafunga wale wa kidato cha tatu.”

Hakuniambia kwamba ananihurumia. Aliniambia kwamba ananihitaji. Hapana siku niliyofurahi kama hiyo tangu tuvuke ziwa.

Tulianza vibaya. Kila mpira wa katikati tuliuacha, kila mmoja akiwa na adabu kwa mwenzake, na adabu ile ikatupa kushindwa mara nyingi. Mwisho tukapatana kwamba mwenye kuuona mpira kwanza apige kelele. Mimi napiga kelele “Wangu!” naye anapiga kelele “Gwange!” kwa lugha ya kwao, na masikio yetu yamejifunza kwamba maneno hayo ni ndugu. Tumegombana pia. Amenilaumu mbele ya watu kwa mpira niliouharibu, nami nimemlaumu. Mwalimu wa michezo aliposikia akasema kwa kicheko kwamba sasa tumekuwa wenzi wa kweli, maana mgeni hagombezwi. Anayegombezwa ni mtu wa nyumbani.

Mwalimu huyohuyo ndiye aliyetupa habari za Angela na Althea, na tangu hapo nimekuwa nikizitafuta mahali popote ninapoweza. Niliposoma nilijiuliza swali moja, nalo ndilo kiini cha maandishi haya. Je, wale wawili walikuwa marafiki kweli, au walikuwa tu watu wawili waliokataliwa, ambao dhiki iliwatupa upande mmoja kama vile mafuriko yanavyotupa magogo mawili ufukoni? Nilimwuliza mwenzangu, naye akajibu kwamba haidhuru, mradi walishinda. Mimi naona inadhuru. Kwa maana ikiwa dhiki peke yake ndiyo iliyowaunganisha, basi dhiki ikiondoka urafiki nao utaondoka. Na mimi sitakuwa mgeni siku zote.

Jibu nililipata katika habari za miaka ya baadaye. Althea alikuwa bingwa wa dunia katika nyakati ambazo mabingwa wa tenisi hawakulipwa. Mpaka mwaka 1968 mashindano makubwa yalikuwa ya watu wasiochezea fedha. Ulipewa kikombe na kupigwa makofi, kisha ukarudi nyumbani kutafuta kodi ya nyumba. Althea alijaribu kuimba, akajaribu gofu, na mwaka 1964 akawa mwanamke mweusi wa kwanza katika chama cha wanawake wanaocheza gofu kwa malipo. Alifanya kazi nyingine nyingi pia. Lakini uzee ulimkuta na maradhi, naye hana fedha. Mwaka 1995 alikuwa akikaa peke yake katika mji wa East Orange, New Jersey. Watu waliopaza sauti kumshangilia mwaka 1957, alipopitishwa katika barabara za New York huku karatasi zikimwagwa kutoka madirishani, hawakujua kama yu hai.

Siku moja simu ililia kwa Angela. Alikuwa Althea, akiaga. Alisema hawezi tena kulipa kodi wala kununua dawa, na kwamba ameamua kuyakatisha maisha yake.

Wasomaji wapenzi, ilikuwa imepita miaka 39 tangu ushindi wao wa Wimbledon. Angela alikuwa bibi wa miaka sitini na zaidi, amelea watoto, amefanya kazi zake. Hakuwa na dhiki. Kama magogo yale mawili yaliunganishwa na mafuriko tu, maji yalikwisha kauka zamani. Angeweza kusema pole, akakata simu, akasikitika jioni ile. Badala yake alimsihi mwenzake asifanye neno, akampelekea fedha zake mwenyewe ili alipe kodi na anunue dawa. Kisha akaona kwamba mfuko wake peke yake hautoshi, akaandika barua kwa jarida moja la tenisi la Marekani, akieleza hali ya bingwa aliyesahauliwa. Ilipochapishwa mwaka 1996, bahasha zikaanza kumiminika kwa Althea kutoka nchi mbalimbali, nyingine na dola chache, nyingine na nyingi. Imeandikwa kwamba jumla ilikaribia dola milioni moja. Althea akaishi mpaka tarehe 28 Septemba 2003. Kabla hajafa aliona mwaka 2000 msichana mwingine mweusi, Venus Williams, akishinda Wimbledon, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa mwanamke mweusi tangu Althea mwenyewe aliposhinda mwaka 1958.

Mtazame vizuri huyu Angela katika habari hiyo. Mpira ulianguka katikati. Watu elfu wangeweza kuufikia: wakubwa wa mchezo, matajiri, magazeti, mabingwa wa siku hizo waliokuwa wakilipwa mamilioni kwa njia ambayo Althea alisaidia kuifungua. Kila mmoja alidhani ni wa mwenzake. Bibi mmoja tu ndiye aliyepiga kelele “Wangu!” Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Mimi nadhani walikuwa na maana kwamba dhiki haimfanyi rafiki. Dhiki humwonyesha tu aliyekwisha kuwako.

Najua mtu atasema kwamba hapo Althea naye alikuwa mkono mtupu unaopewa, na kwamba nimejipinga mwenyewe. Nimelifikiri hilo sana. Nimeona tofauti ni hii. Angela hakumpa Althea kama mtu anayempa maskini asiyemjua. Alimpa kama mtu anayelipa deni, maana alijua vizuri kwamba bila mkono wa Althea jina lake yeye lisingeandikwa katika orodha ya Wimbledon. Aliyecheza nawe upande mmoja wa wavu hawezi kuwa mkono mtupu machoni pako hata siku moja. Unaujua mkono ule. Unajua pigo lake. Basi fedha yako ikimfikia, haimpunguzii heshima yake. Na hii ndiyo sababu nasema kwamba mtoto mgeni shuleni apewe kazi kabla ya kupewa sukari, au angalau apewe vyote viwili siku moja.

Yako mambo mengine katika maisha ya Angela ambayo hayakutengenea. Aliomba kuwa mwanachama wa klabu ya All England, ambayo ndiyo mwenye Wimbledon, akangoja miaka na miaka, na hakuupata uanachama huo mpaka kufa kwake. Mwenyewe aliamini kwamba sababu ni ile ile ya fomu ya ujana wake, klabu ilikana. Mimi si hakimu wa shauri hilo. Najua tu kwamba alizungumza juu yake waziwazi mpaka uzeeni, wala hakuona haya kusema kwamba jambo hilo linamwuma. Watu wengine hupenda hadithi ambazo milango yote hufunguka mwishoni. Hii si ya namna hiyo. Mlango mmoja ulibaki umefungwa, na maisha yake hata hivyo yalikuwa mema.

Mwezi Agosti 2019 sanamu ya Althea ilizinduliwa New York, katika viwanja vinapochezwa mashindano ya Marekani, na Angela, bibi wa miaka 85, alikuwapo akaiona. Mwaka mmoja baadaye, Agosti 2020, naye akafariki. Hana sanamu huko. Ukitaka kumwona utamwona katika orodha ya mabingwa wa Wimbledon ya mwaka 1956, mstari mmoja, majina mawili.

Nimewasikia wenzangu wakisema kwamba mtu aliyeshinda mashindano makubwa mawili tu, tena yote akiwa na mwenziwe, hastahili kuitwa mashuhuri. Wakihesabu vikombe, wana haki. Lakini mimi ninahesabu kwa hesabu nyingine. Kidole kimoja hakivunji chawa, na wengi wa sisi tutakaomaliza shule hii hatutashinda chochote peke yetu. Tutafanya kazi wawili wawili na watatu watatu: katika zahanati, darasani, dukani, shambani. Basi ustadi wa kuwa mwenzi mwema ni ustadi kama mwingine wowote, nao hufundishwa kwa mazoezi, kama vile Angela alivyolirudia pigo lake mara mia.

Muhula ujao watakuja wanafunzi wapya, na baadhi yao, kama nilivyosikia, watatoka kambini kama mimi. Nina ombi moja kwenu mnaosoma ukurasa huu. Siku ya kwanza ya maabara, siku ya kwanza ya kufagia bweni, siku ya kwanza uwanjani, msingoje mwalimu awapange. Mwenye raketi mbili asimngoje mgeni aje kuomba. Na amwambie kwa nini anamhitaji, kwa maana sababu hiyo ndiyo zawadi yenyewe. Mimi na mwenzangu tumekwisha patana: safari hii tutaachana kwa muhula mmoja, kila mmoja acheze na mgeni mmoja. Yeye anasema tutashindwa kila mchezo. Huenda ni kweli. Lakini wale wa kidato cha tatu tulikwisha wafunga, 6–4, na wengine wanaweza kuwapata sasa.